Umemwacha Mkeo, Hujamwacha Mwanao

Leo tuambiane ukweli, hata kama utauma.

Kijana anaoa, tunachanga wote, grupu la WhatsApp linajaa dua. Miaka mitatu baadaye ndoa imevunjika, na talaka yenyewe imetumwa kwa simu. Mama anabeba watoto wawili anarudi kwao. Baba anahamia Thika, anabadilisha laini. Ukimpata ukamuuliza watoto wanakula nini, jibu liko tayari: "Si aliwachukua yeye? Awalishe."

Ati awalishe! Hiyo dini umeisoma wapi, ndugu yangu? Fungua Suratul Baqara, aya ya 233. Chakula na mavazi ya mama anayemnyonyesha mtoto ni juu ya baba, kwa kadiri ya uwezo wake. Hata kumwachisha mtoto ziwa kabla miaka miwili haijatimia, wazazi wanatakiwa washauriane na waridhiane. Ziwa tu! Na wewe unakata karo kwa hasira bila kumuuliza mtu. Hind, mke wa Abu Sufyan, alipomlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe ni bahili, aliruhusiwa achukue kwenye mali yake kinachomtosha yeye na wanawe, kwa wema. Hakuambiwa asubiri.

Sheria ya nchi nayo haikupi pa kujificha. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema wajibu wa kumtunza mtoto ni wa baba na mama sawasawa, wawe wameoana au la. Talaka mpeleke kwa Kadhi, sawa. Lakini Sheria ya Watoto ya 2022 ina mahakama ya watoto, na amri ya matunzo ikitoka huko si ombi.

"Sina kazi." Hakuna anayekudai mshahara wa mbunge. Ukilipwa kibarua cha mjengo, tuma ya unga. Kila ukilipwa, sio Idi kwa Idi.

Dada zangu pia, wapo wanaomficha mtoto ili kumkomoa baba. Aya ileile imekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, na baba vilevile. Mtoto si rehani. Lakini tusijidanganye kwamba lawama zinalingana. Wanaotoroka wengi ni sisi wanaume.

Mama uliyeachwa na mzigo, usianze na wakili. Nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, umweleze. Anaweza kuwaita wote wawili mkaandikiana makubaliano. Weka meseji zote za M-Pesa. Mtoto akiteswa au akitelekezwa, piga 116, ni bure.

Na nyinyi mlioshuhudia ile nikaha mkala biriani, namba mpya ya bwana harusi mnayo. Mpigieni leo kabla ya Isha.