Kompyuta Zifundishwe Saa za Kiswahili

Mkoani Singida, kama ilivyo kote nchini, siku huhesabiwa tangu kupambazuka. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Mtoto wa shule wa Iramba hujifunza hivyo, na mkulima wa alizeti wa Ikungi hupanga kazi zake hivyo. Lakini programu ya simu iliyokwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili humwandikia mkulima huyo kwamba mkutano ni "7:00 asubuhi". Maneno ni yake, hesabu ni ya wageni. Na neno "asubuhi" likiachwa, atafika saa saba mchana, mkutano umekwisha.

Watafsiri wasilaumiwe. Kila lugha inayoingizwa katika programu hutayarishiwa faili lenye majina ya siku na miezi, utaratibu wa kuandika tarehe, alama ya fedha na mengineyo. Programu nyingi duniani huchota mafaili hayo katika hazina moja, CLDR, inayotunzwa na shirika la Unicode. Kiswahili kimo, na faili lake la msingi ni la Tanzania. Kenya, Uganda na Kongo zina nyongeza zao. Jumamosi imo, shilingi imo, hata alfajiri imo. Lakini muundo wenyewe wa faili hauna mahali pa kueleza kwamba saa ya Mswahili na saa ya mashine zimepishana kwa saa sita.

Ngeli nazo zimesahauliwa. Faili hutenganisha umoja na wingi, basi. Programu inayounga sentensi kwa vipande huweza kutangaza kwamba "mwanafunzi imeongezwa", kosa ambalo mwalimu wa darasa la tatu angelipigia mstari mwekundu.

Wataalamu wa kazi hii wapo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hazina hiyo nayo hupokea mapendekezo na kuyapigia kura. Inafaa basi BAKITA, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lipeleke huko hoja ya saa kwa sauti ya taifa, na walimu wa mikoani walipatie mifano. Idara zinazoagiza programu nazo ziandike sharti hilo katika mikataba kabla ya kulipa.

Wakati hayo yakingojewa, ofisi inayotuma tangazo kwa simu za wananchi iandike saa kwa maneno: saa moja asubuhi.