Kuoa na Kuolewa katika Riwaya ya Jane Eyre

Kuna vitabu vinavyosifiwa na wengi na kusomwa vibaya na wengi zaidi. Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë iliyotolewa London mwezi wa Oktoba 1847, ni kimoja katika hivyo. Madarasani huelezwa aghalabu kuwa ni hadithi ya yatima maskini aliyempenda tajiri, akapata taabu, kisha akaolewa naye. Maelezo haya si uongo, lakini ni ganda la tunda. Upande wa pili wako wasomi wanaoionea haya ndoa ile. Husema kwamba mwanamke aliyepigania nafsi yake tangu utotoni hakupaswa kuishia kuwa mwuguzi wa kipofu msituni. Makundi haya mawili hushindana kwa maneno makali, walakini kosa lao ni moja. Yote mawili hudhani kwamba mapenzi na uhuru havikai nyumba moja, na kwamba mwanamke akikaribisha kimoja hana budi kukifukuza cha pili. Riwaya yenyewe yasema kinyume cha hayo, na yasema waziwazi. Yasema kwamba mapenzi yasiyo na uhuru ni utumwa, na kwamba uhuru usio na riziki ni jina tupu.

Yafaa kuanza pale hadithi inapoanza. Jane ana umri wa miaka 10, anakaa Gateshead kwa mkaza mjomba wake, Bi Reed. Kosa lake la kwanza si utundu bali ni ufukara. Binamu yake John anampiga na kumkumbusha kwamba chakula anachokula si chake, nguo anazovaa si zake, na vitabu anavyosoma si vyake. Mtumai cha nduguye hufa maskini, wasema Waswahili. Mtoto huyu anaijua maana ya methali hiyo kabla hajajua maana ya dunia. Kwa hiyo anapokuwa mtu mzima na kulitamka neno uhuru, halitoi katika vitabu vya falsafa. Lilimwingia kwa kofi la binamu na kwa giza la chumba chekundu alimofungiwa. Msomaji anayeisahau sehemu hii, akakimbilia bustani ya Thornfield kutafuta mapenzi, amekwisha kupotea njia.

Brontë naye alikuwa na sababu zake za kulijua neno hilo. Mwaka 1837, alipokuwa na umri wa miaka 20, mshairi mkuu wa Uingereza, Robert Southey, alimjibu barua akimwonya kwamba uandishi hauwezi wala haupasi kuwa kazi ya maisha ya mwanamke. Miaka 10 baadaye alitoa riwaya hii chini ya jina la Currer Bell, jina ambalo halikudhihirisha kama mwenyewe ni mume au mke. Katika sura ya 12 shujaa wake apanda juu ya paa la nyumba, atazama upeo wa nchi, na kuwaza kwamba wanawake wana hisia kama wanaume, wanahitaji kazi ya kuzitumia akili zao, na ni ufinyu wa moyo kuwaambia watosheke na kupika na kufuma soksi. Fikira hizi ziliwatia hofu wakubwa wa wakati ule. Mwezi wa Desemba 1848, mwaka uliotikiswa na mapinduzi katika nchi nyingi za Ulaya, Elizabeth Rigby aliandika katika jarida la Quarterly Review kwamba roho ya kitabu hiki ni ile ile ya uasi dhidi ya sheria za Mungu na za wanadamu. Rigby alikosea kukilaani kitabu, lakini alikisoma vyema kuliko wengi wanaokiita leo hadithi tamu ya mapenzi. Aliona kuwa kina meno.

Sasa yatazamwe mapenzi yenyewe. Rochester anapomposa Jane, jambo la kwanza analofanya ni kumpeleka mjini Millcote kumnunulia hariri na vito. Mchumba mwingine angefurahi. Jane aona haya, tena aona hasira. Kila nguo anayonunuliwa yamrudisha Gateshead. Yamfanya mtu wa kuvikwa, kama sanamu. Amwambia Rochester kwamba ataendelea kumfundisha mtoto Adèle na kupokea mshahara wake wa pauni 30 kwa mwaka, na kwamba kutoka kwake hataki kitu illa heshima. Kisha, akirejea nyumbani, amwandikia ami yake John Eyre huko Madeira, akitumaini kwamba siku moja atakuwa na chake mwenyewe, asiende kwa mume mikono mitupu.

Hapa ndipo penye fundo la hadithi, na hapa ndipo wasomaji wengi hupita wakikimbia. Barua ile ndiyo iliyoivunja harusi. Ilipofika Madeira, Richard Mason alikuwako kwa ami yake. Mason ndiye ndugu wa Bertha, mke halali wa Rochester, aliyekuwa amefungiwa ghorofa ya tatu ya nyumba ya Thornfield. Kwa njia hiyo siri ilifichuka, na wakili akasimama kanisani kuizuia ndoa. Lau Jane angeridhika na hariri, angaliingia katika ndoa ya udanganyifu pasipo kujua. Kilichomwokoa si malaika wala bahati. Ni haja yake ya kujitegemea. Baada ya ushahidi kama huu, nani aweza kusema kwamba uhuru katika kitabu hiki ni pambo tu la mapenzi?

Hoja hiyo yatiwa nguvu na kukataa kwake mara mbili. Mara ya kwanza amkataa Rochester, anayemtaka waishi pamoja kusini ya Ufaransa bila ndoa. Hapa pana mapenzi tele, lakini mwanamke hana haki wala jina. Siku mapenzi yatakapopoa, atatupwa kama walivyotupwa waliomtangulia. Jane atoroka usiku na shilingi 20, zote zikaishia katika nauli ya gari la farasi, akalala nyikani na kuomba uji uliokuwa ukienda kutupiwa nguruwe. Mara ya pili amkataa St. John Rivers, mmisionari anayetaka kumchukua Bara Hindi awe mke na msaidizi wake. Hapa pana ndoa halali, dini, na kazi tukufu, lakini hapana mapenzi. Jane yu tayari kwenda kama dada, akafanya kazi na hata akafa huko. Hakubali kwenda kama mke wa mtu asiyempenda. Wa kwanza ampa mapenzi pasipo heshima. Wa pili ampa heshima pasipo mapenzi. Wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake, wamtaka ajisahau. Wanaosema kwamba mwisho wa kitabu ni kushindwa kwa mwanamke hawana budi kueleza kwanza kwa nini mwanamke huyu aliyeshindwa aliweza kusema hapana kwa wanaume wawili, mmoja akiwa amebeba moyo wake na mwingine akiwa amebeba Biblia.

Kisha ni mali, jambo ambalo wahakiki waungwana hulitaja kwa sauti ya chini. Ami afariki na kumwachia Jane pauni 20,000. Yeye azigawa kwa wanne: yeye mwenyewe na watoto watatu wa shangazi yake, yaani St. John, Diana na Mary, kila mtu pauni 5,000. Kwa mtu aliyekuwa akipata pauni 30 kwa mwaka, fungu hilo ni mshahara wa zaidi ya miaka 166. Kugawa huku si hisani ya bibi tajiri. Diana na Mary nao walikuwa walimu katika nyumba za watu, wakinyenyekea kwa matajiri; kwa fedha hizo wanarudi kwao na kuishi pamoja. Jane atafuta uhuru wake na papo hapo awafungulia wanawake wengine wawili. Mkono mtupu haulambwi. Brontë alilijua hilo miaka 82 kabla ya Virginia Woolf kuandika, mwaka 1929, kwamba mwanamke anayetaka kuandika ahitaji fedha na chumba chake mwenyewe.

Ni baada ya kuipata mali hiyo ndipo Jane amrudia Rochester. Wako wanaodai kwamba Brontë alilazimika kumpofusha mwanamume na kumkata mkono ili mwanamke apate kulingana naye. Hoja hii yavutia, lakini yapinduliwa na mpango wa matukio. Jane alikuwa na mali yake, jamaa zake na uamuzi wake kabla hajajua habari za moto ulioiteketeza Thornfield. Alipopanda gari kurudi hakujua kama Rochester ni mzima au kilema, yu hai au amekufa. Usawa wake hakuuokota majivuni, alifika nao. Na anapofika Ferndean amwambia kwamba yeye sasa ni tajiri na bwana wa nafsi yake, na kwamba akikataliwa kukaa naye atajenga nyumba yake mlangoni pake.

Sura ya mwisho yafunguliwa kwa sentensi mashuhuri ambamo Jane atangaza ndoa yake, na katika sentensi hiyo mtenda ni yeye. Kiingereza chatumia kitenzi kimoja kwa mume na mke, kwa hiyo Mwingereza aweza kuisoma pasipo kushtuka. Msomaji wa Kiswahili hana raha hiyo. Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa; na mwanamume akiambiwa kwamba ameolewa, ametukanwa. Mfasiri afanyeje? Akiandika kwamba Jane aliolewa, sarufi imepona lakini Jane amekufa. Akiandika kwamba alioa, Jane amepona lakini sarufi yalia. Kimebaki kitenzi cha kutendana, kuoana, nacho chayafaa maisha ya miaka 10 yanayoelezwa baada ya sentensi ile, kwa kuwa ni maisha ya watu wawili wanaozungumza mchana kutwa bila mmoja kumtawala mwenziwe. Lakini sentensi yenyewe yadai tendo la mmoja. Lugha yetu yaonyesha hapa, kwa ugumu wake, jambo ambalo Kiingereza chaficha kwa ulaini wake.

Pamoja na hayo yote, sifa isiyo na mpaka ni aina nyingine ya kusoma vibaya. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1847 ilisema kwamba fedha na mali inayohamishika ya mke, isipokuwa imelindwa kwa hati maalumu, huwa mali ya mumewe siku ya ndoa. Sheria za mwaka 1870 na 1882 ndizo zilizoanza kuwarudishia wake haki ya mali yao. Riwaya haitaji hati yoyote. Kwa hiyo pauni 5,000 za Jane, kwa macho ya sheria, zilikwenda kwa Rochester pamoja naye. Uhuru wa Jane ndani ya ndoa wasimama juu ya tabia njema ya mume, wala si juu ya sheria. Hilo si kosa la Jane. Ni mashtaka juu ya nchi yake, na mwalimu asiyelisema amewanyima wanafunzi nusu ya somo.

Lipo deni kubwa kuliko hilo, nalo ni Bertha. Alizaliwa Jamaika, katika mji wa Spanish Town, binti wa tajiri wa mashamba na biashara. Baba na kaka yake Rochester walizitamani pauni 30,000 alizokwenda nazo kwa mumewe. Mali ya mashamba ya Jamaika ilitokana na jasho la Waafrika waliokuwa watumwa. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuukomesha utumwa huo mwaka 1833, likatoa pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa, na watumwa wenyewe wasipewe kitu. Hata urithi wa Jane watoka kwa mtu aliyehusiana kibiashara na Mason wa Jamaika. Bertha alifungiwa darini, na karibu habari zake zote zasimuliwa na mume aliyemfungia, ambaye ni mshtaki na shahidi kwa pamoja. Ilimpasa Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, kumpa sauti katika riwaya yake ya mwaka 1966, na Gayatri Spivak kuonyesha mwaka 1985 kwamba Jane hupanda daraja juu ya mwili wa mwanamke huyo.

Je, kitabu kitupwe? Wako wasemao hivyo, na hao ni kundi la tatu la wasomaji wabaya. Kipimo wanachokihukumia kitabu kimo ndani ya kitabu. Katika sura ya 27, Rochester anapomtukana mkewe, Jane, katika saa ya uchungu wake mkuu, amkemea. Amwambia kwamba ni ukatili kumchukia mwanamke yule, kwa kuwa hakujitakia wazimu. Mume hakumwonea huruma hata kidogo. Aliyemwonea ni yule aliyekuwa na sababu ya kumwonea wivu. Brontë alifika mlangoni pa chumba cha Bertha na kushika kitasa, hakuingia. Ni kazi ya wasomaji waliokuja nyuma yake kuingia, wala si kuubomoa mlango aliouonyesha.

Mwanafunzi anayepewa Jane Eyre kama hadithi ya harusi amedhulumiwa. Anayepewa kama hadithi ya kushindwa amedhulumiwa vile vile, na anayefichwa Bertha amedhulumiwa kuliko wote. Kitabu kilichotolewa mwaka 1847 hakikuyamaliza maneno haya, lakini kimeweka sharti ambalo halijafutika: anayempenda mwanamke na ampende akiwa na nafsi yake, kazi yake na kauli yake. Sharti hilo likimhusu Jane peke yake, ni upendeleo. Likimhusu na Bertha, ndipo liitwapo haki.