Motokaa Inapopiga Mluzi

Mji wa Eldoret uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika tano. Basi motokaa ikipungukiwa na nguvu, mwenyewe hulaumu mwinuko. Lakini mwinuko haupigi mluzi. Injini yenye kabureta ikitetemeka inapozunguka polepole, na mluzi ukasikika penye bomba la kuingizia hewa, aghalabu gasketi imepasuka. Hewa ya wizi hupenya, petroli ikawa haba, na hatimaye vali huungua.

Yafaa kudondosha maji kidogo kwenye maungio: mlio ukibadilika, ndipo penye tundu. Wako wapimao kwa petroli; huo ni wazimu, maana injini ina joto na cheche.

Injini ipoe kwanza, na waya wa betri ufunguliwe. Matundu yazibwe kwa kitambaa safi kabla ya kukwangua mabaki ya gasketi ya zamani, kisha kitambaa kitolewe. Nati zikazwe kidogo kidogo, kuanzia katikati kuelekea pembeni. Mwenye kukaza moja hadi mwisho hulipinda bomba, na mluzi hurudi.