Wapenda Miiba na Kilima Chetu

Juma lililopita nilikaa barazani jioni nikisoma habari za vyama vya watu wa Uingereza, nikawa nacheka peke yangu. Mara akapita jirani yangu, mama mtu mzima, kikapu kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Karani. Wacheka nini?"

"Nasoma habari za watu wanaokutana kila mwezi kutazama miiba."

Akatua kikapu. "Miiba gani?"

"Miiba iliyopandwa katika vyungu, mama. Na mishubiri pia, kama hii yetu ya kilimani. Huishindanisha, na mwenye mmea mzuri hupewa kadi ya ushindi."

Mama alifikiri kidogo, akauliza, "Watu hao hawana mashamba?"

Wengine wanayo, na wengi hawana. Lakini swali la mama lastahili jibu refu kuliko lile nililompa siku ile, kwa sababu siku mbili baadaye alirudi na swali jingine lililonifuta kicheko. Nitalifikia.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Mmea uitwao dungusi kakati, au mpungate, ni mwenyeji wa bara la Amerika. Kuna aina zaidi ya 1,500, kutoka Kanada mpaka Argentina, na karibu zote hazikujulikana Afrika mpaka zilipoletwa na watu. Ni aina moja tu ionekanayo kuota yenyewe huku kwetu, nayo haina sura ya kakati: yaning'inia juu ya miti ya msituni kama nyuzi za kijani. Basi ule mti wa porini ulioinua matawi yake kama kinara cha mishumaa si kakati, ingawa wageni wengi hudanganyika. Ukate kidogo, utaona maziwa. Huo ni ndugu wa mnyaa tunaozungushia nyua zetu, na ni mnyaa huo uliolipa Ziwa Manyara jina lake katika lugha ya Wamasai. Kakati halisi hujulikana kwa kinundu kidogo chenye manyoya ambamo miiba yake hutokea kwa kikundi. Mshubiri ni ukoo mwingine, na mkonge vilevile.

Lakini ukoo zote hizi zina tabia moja, nayo ndiyo inayowakusanya wale Waingereza: huweka maji akiba mwilini, katika jani au katika shina. Nyingi zao hufunga vitundu vyao vya kupumulia mchana wa jua kali, na kuvifungua usiku, hewa ikiwa baridi, ili maji yasipotee.

Sasa tuje kwenye vyama vyenyewe. Wajerumani walianza chama chao mwaka 1892. Wamarekani wakaanza chao mwaka 1929 katika mji wa Pasadena, California. Uingereza vilikuwako viwili, kimoja cha mwaka 1931 na cha pili cha mwaka 1945, navyo vikaungana mwaka 1983 kuwa kimoja chenye matawi katika miji mingi. Hata Nairobi wapenzi wa mimea hii waliunda chama chao, wakakiita Succulenta East Africa.

Mkutano wa tawi ni jambo dogo tu. Watu hukodi ukumbi jioni, mara nyingi ukumbi wa kanisa au wa shule. Katibu husoma matangazo. Mgeni huonyesha ukutani picha za safari yake Meksiko au Madagaska, na wenzake humuuliza mmea ule uliota juu ya mwamba gani, mvua yake hunyesha miezi ipi. Halafu chai. Pembeni kuna meza ya miche ambayo wanachama wameiotesha nyumbani, inauzwa kwa bei ndogo. Mtu huenda nyumbani na kichungu kimoja mfukoni, amefurahi kama aliyepewa ndama.

Maonyesho ya mwaka ndiyo makubwa. Meza hupangwa kwa aina ya mmea na kwa upana wa chungu, ili mwenye chungu kidogo asishindane na mwenye pipa. Kila chungu kimefutwa vumbi, na juu ya udongo imetandazwa changarawe safi. Waamuzi hupita kimya. Wanatazama kama mmea umekua sawasawa pande zote, kama miiba yote ipo, kama kuna kovu la jua au vile vidudu vyeupe kama pamba vinavyojificha katika mikunjo. Tena wanapima ugumu wa kuutunza, maana aina nyingine ni rahisi kama magugu na nyingine hufa ukizitazama vibaya. Wala si rahisi kuwadanganya. Ukiushindilia mmea maji na mbolea ili uwashinde wenzako, huvimba, hulegea, na pengine hupasuka ubavuni mbele ya watu wote.

Mimi, niliyezoea kuona mimea ikifa kwa kukosa maji, nilishangaa kusoma kwamba mimea ya watu hao hufa zaidi kwa kunyweshwa kupita kiasi. Kutoka Oktoba mpaka Machi hivi, wakati wa baridi kwao, wengi hawaitii nyingi hata tone. Wanailinda na sakitu tu ndani ya vibanda vya vioo, na wengine hulipa fedha nyingi kupasha vibanda hivyo moto. Iko mimea midogo kutoka Afrika ya Kusini na Namibia ambayo yafanana na kokoto hata ukaikanyaga bila kujua. Ina majani mawili tu manene. Kila mwaka majani mapya mawili hutokea katikati na kunywa maji yote ya yale ya zamani mpaka yabaki kama karatasi. Siku hizo ukimwagilia kwa huruma, umeharibu kazi. Mtunzaji mzuri huketi akangoja.

Hapo ndipo nilipoanza kuacha kucheka. Katika jangwa la Arizona kuna kakati kubwa iitwayo saguaro, ambayo huishi miaka 150 na zaidi, na mara nyingi hupita miaka 50 kabla haijatoa mkono wake wa kwanza. Mtu mzima akipanda mbegu yake leo, ajua kwamba mkono ule ataonyeshwa mtu mwingine. Lakini hupanda. Sisi tunaolalamika kwamba mwembe wachelewa, tuna la kujifunza hapo.

Si kwamba kila kakati yafaa kuletwa nyumbani. Huko Laikipia, Kenya, aina za mpungate zilizopandwa zamani kwa uzio na pambo zimetoroka na kufunika malisho. Mbuzi na ng'ombe hula matunda yake, na vimiiba vidogo kama nywele huwachoma midomo, macho na matumbo. Australia ilipoteza mamilioni ya ekari kwa mpungate, mpaka walipoleta kiwavi wa nondo kutoka Argentina mwaka 1925 akautafuna. Huko Boonarga wenyeji walijenga ukumbi mwaka 1936 kwa kumkumbuka mdudu huyo! Basi ukiona mpungate mtoni usiukate na kuuacha chini, maana kila kipande huota.

Nalikuwa nimefika hapo katika kusoma kwangu, nimeridhika, mama yule aliporudi. Safari hii hakutua kikapu.

"Karani, ile miiba ya Waingereza, wanainunua kwa bei gani?"

"Kwa nini, mama?"

Akaeleza. Mjukuu wake alikutana na mgeni mwenye gari kwenye barabara kuu. Mgeni alimwahidi fedha kwa kila mshubiri wa kilimani atakaoung'oa pamoja na mizizi yake, ile midogo yenye mabaka hasa, akaacha magunia mawili. Alisema ni ya dawa. Mama hakuamini, maana mwenye kutafuta dawa hukata jani, hang'oi mizizi.

Wasomaji wapenzi, penzi la mimea hii lina upande wa pili, nami nisingesema kweli kama ningeuficha. Zamani wapenzi wenyewe waliagiza mimea iliyochimbwa porini, imefungwa magunia kwa magunia, na nusu hufa njiani. Vyama vingi vimejirudi tangu hapo. Vinagawa mbegu kwa wanachama, vinafundisha kuotesha, na vinawaonya wasinunue mmea uliong'olewa. Lakini wako wanaotaka mmea mzee leo, bila kungoja miaka 30. Mwezi wa Februari mwaka 2020 polisi wa Italia walikuta katika nyumba moja mjini Senigallia kakati zaidi ya 1,000 zilizotoka jangwa la Atacama, Chile. Thamani yake ilipita dola milioni moja. Nyingine zilikuwa na umri wa miaka zaidi ya mia. Mwaka uliofuata zaidi ya 800 zilirudishwa kwao kwa ndege. Afrika ya Kusini nako, tangu mwaka 2019, polisi wamekamata maelfu kwa maelfu ya mimea midogo ya jangwani mikononi mwa wachimbaji, na wengi wa waliokamatwa ni watu maskini waliolipwa kidogo. Wataalamu walipozihesabu kakati za dunia, walitangaza mwaka 2015 kwamba katika kila aina 100, aina 31 zimo hatarini kutoweka.

Huku kwetu jambo hili si geni. Mwaka 1986 Rais wa Kenya alipiga marufuku kuvuna mishubiri ya porini, kwa sababu ilikuwa ikikatwa ovyo kwa ajili ya utomvu wake mchungu uliouzwa ng'ambo. Mwaka 2007 zikatolewa kanuni za kuvuna na kuuza kwa kibali. Tena yako mapatano ya mataifa yaitwayo CITES, yaliyoanza kutumika mwaka 1975. Kenya, Tanzania na Uganda zimo. Kwa mapatano hayo karibu kakati zote, jamaa ya mnyaa wenye mashina manene ya maji, na mishubiri yote isipokuwa ule wa dawa upandwao mashambani duniani kote, haivuki mpaka wa nchi bila hati. Mwenye gari hakutaja hati. Na siku magunia yatakapokamatwa, atakayekutwa ameyabeba ni mjukuu wa mama.

Nilimweleza mama hayo yote. Akanijibu neno ambalo sikulitegemea: "Karani, sheria ni sheria, lakini mtoto anataka ada ya shule."

Ni kweli, na sikuwa na fedha ya kumpa. Nilichokuwa nacho ni hesabu tu. Baadhi ya mishubiri ya kilimani huzaa machipukizi kando yake, na hiyo hupona ukichukua chipukizi moja. Lakini mingine husimama peke yake maisha yake yote, haina mtoto ila kwa mbegu. Ukiung'oa huo kabla haujatoa maua, umeumaliza. Kijana angelipwa mara moja, na mwaka ujao kilima kingekuwa kitupu, nyuki wetu wangekosa maua ya kiangazi, na yule ndege chozi mwenye mdomo uliopinda angekwenda kutafuta kwingine. Tena mche uliooteshwa kwa mbegu nyumbani, kwa ruhusa ya ofisi inayohusika, waweza kuuzwa mchana kweupe, hata mjini kwa wenye bustani.

Kuotesha si kazi ngumu. Ngoja vikonyo vya maua vikauke na vifuko vya mbegu vianze kupasuka. Chukua vichache tu, uache vingine kilimani. Mbegu ni nyepesi, zimepakana na ngozi nyembamba kama bawa, kwa hiyo usizipange penye upepo. Toboa kopo chini, tia changarawe, halafu mchanga mkavu wa mto uliochanganywa na udongo kidogo. Tawanya mbegu, zifunike kwa mchanga kiasi cha unene wa mbegu yenyewe, nyunyiza maji, uweke kivulini. Mbegu mpya huota baada ya majuma mawili mpaka manne. Mche hukaa humo miezi kadhaa kabla ya kuhamishwa, na utangoja miaka mitatu au zaidi kuona ua.

Neno moja kwa wazazi, kwa kuwa tumetaja mnyaa. Watoto wasichezee matawi yake. Maziwa yake yakiingia jichoni huunguza vibaya sana. Osha jicho kwa maji safi mengi, tena kwa muda mrefu, kisha mpeleke mtoto hospitali hata kama amenyamaza kulia.

Magunia mawili ya yule mgeni tuliyapeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, mimi, mama na mjukuu, na habari ikaandikwa katika daftari lake. Ada ya kijana bado haijatimia. Mama ameuza kuku wawili. Asubuhi ya leo amenipitia tena barazani kabla sijafungua kitabu. Hakusema kitu, ila alininyoshea kopo la rangi lililokatwa katikati. Nilipoinama nikaona vijani vyembamba kama sindano za kushonea, nikahesabu 17.

"Sasa, Karani," akaniuliza, "leo niyamwagilie au ningoje?"