Kamera za Usiku: Nani Hasa Anakula Kuku na Mbuzi Wetu?

Mwaka jana mama yangu alipoteza kuku saba ndani ya wiki tatu. Nyumbani kwetu ni Kibosho, kihamba cha kawaida chenye migomba, kahawa na banda la kuku nyuma ya jiko. Kila mtu alikuwa na mshtakiwa wake. Mama alisema ni kicheche. Jirani alisema ni nguchiro. Mjomba aliyekuja kutusalimia akasema hakuna haja ya kesi ndefu: chukua utumbo wa kuku, tia dawa ya kupulizia nyanya, weka njiani, asubuhi utamwokota mwenyewe.

Nikaomba siku kumi. Niliazima kamera ya kutega kwa rafiki yangu, nikaifunga kwenye mparachichi, na mbele yake nikaweka utumbo, lakini usio na dawa. Usiku wa kwanza walikuja mbwa. Wa pili, mbwa. Wa tatu, mbwa tena, na paka mmoja. Nilipohesabu picha nilipata mbwa wanane, akiwemo wa kwetu. Nusu ya kitongoji ilikuja kula kwetu bila kualikwa.

Nikaondoa utumbo, nikaielekeza kamera kwenye mlango wa banda. Hakuja kitu. Usiku wa sita nikaipandisha itazame paa. Saa saba na dakika arobaini usiku, kanu akateremka kwenye mgomba uliolalia banda, akapita kwenye mwanya kati ya ukuta na bati kama anayeingia kwake. Muda wote huo mama alikuwa anaziba matundu ya chini kwa mawe.

Tulikata ule mgomba, tukaziba mwanya kwa wavu, na kuku wamebaki. Ushauri wa mjomba ungefuatwa, asubuhi tungeokota mbwa wa majirani, na kanu angerudi usiku uliofuata. Nasimulia haya kwa sababu kipindi chetu cha jioni hupokea simu nyingi kuhusu wanyama wanaokula mifugo, na karibu kila simu ina jibu tayari kabla ya swali.

Kamera inaona nini

Kamera ya kutega ni kisanduku kidogo kuliko redio ya mkononi. Ndani yake kuna kihisi kinachotambua joto linalotembea. Mnyama akipita mbele, joto la mwili wake likitofautiana na la mazingira, kamera inajipiga picha yenyewe na kuihifadhi kwenye memori kadi. Usiku hutumia mwanga usioonekana kwa macho yetu, ndiyo maana picha za usiku hazina rangi. Inatumia betri, na ikifungwa vizuri inaweza kukaa porini kwa wiki kadhaa bila mtu kuigusa.

Vifaa hivi vimefanya makubwa hapa nchini. Mwaka 2005, kamera iliyotegwa katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa ilipiga picha ya sange mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikuwa inamjua. Mwaka 2008 alitangazwa rasmi kuwa aina mpya. Minde wetu ana kisa cha kushangaza zaidi. Swala huyu mweusi wa msituni hapatikani nchi nyingine yoyote duniani ila Tanzania, na wanasayansi walimpa jina mwaka 1890 kutokana na mnyama aliyepatikana hapa hapa Kilimanjaro. Hata hivyo picha ya kwanza ya minde akiwa hai porini ilipigwa na kamera ya kutega mwaka 2003, huko Udzungwa. Zaidi ya miaka 110 ilipita bila picha yake akiwa hai porini.

Kilimanjaro nako kamera zimetegwa, kuanzia uwanda wa chini, mita 870 hivi, hadi juu ya mita 4,500 ambako hata nyasi ni za kutafuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Würzburg cha Ujerumani na wenzao walitoa matokeo mwaka 2019. Walikuta kwamba aina za wanyama wakubwa zinaongezeka pale penye mimea mingi, yaani chakula, na pale palipohifadhiwa. Kwa anayeishi chini ya msitu hilo linaeleza jambo: msitu wa juu yetu una chakula na una ulinzi, kwa hiyo una wanyama, na wanyama hao hawasomi mabango ya mpaka.

Mradi mkubwa kuliko yote uko Serengeti, ambako tangu mwaka 2010 zilitegwa kamera 225. Kati ya mara milioni 1.2 ambazo kamera zilijipiga katika miaka ya mwanzo, takribani robo tatu hazikuwa na mnyama yeyote. Zilikuwa nyasi zilizopashwa joto na jua, zikitikiswa na upepo. Kwa hiyo ukiazima kamera na siku ya kwanza ukakuta picha mia mbili za majani ya mgomba, usikate tamaa. Fyeka nyasi mbele yake, usiielekeze kwenye jua la asubuhi wala la jioni, na weka saa na tarehe sahihi. Picha isiyo na saa haisaidii kitu.

Mzoga nao ni chambo

Kosa nililofanya na ule utumbo ndilo linalofanyika kwa mbuzi na ng'ombe kule Siha na Longido, na madhara yake ni makubwa zaidi. Chambo hujibu swali moja tu: nani anapenda chambo hiki? Hakijibu nani aliyekula kuku wako.

Mbuzi anakutwa amekufa asubuhi. Usiku unaofuata wenyewe wanavizia kwenye mzoga, au wanatega kamera, na fisi anakuja. Basi, fisi ndiye muuaji. Lakini fisi hufuata harufu kutoka mbali sana, na huja kwa mbuzi aliyeuawa na chui, aliyekufa kwa ugonjwa, au aliyeraruliwa na mbwa wanaozurura. Wa kwanza ameshakula na kuondoka. Picha uliyonayo ni ya mgeni wa pili. Majeraha kwenye mzoga huwa na habari nyingi kuliko picha hiyo. Chui mara nyingi huuma koo na huweza kuuburuta mzoga mbali, wakati mbwa huuma ovyo mapajani na miguuni. Anayefika mapema kabla mzoga haujaguguniwa ndiye anayeweza kusema jambo la maana.

Mwingine anayelipa deni lisilo lake ni mbweha masikio, yule mdogo mwenye masikio makubwa wa nyanda za magharibi mwa mlima. Kwa kuwa anaitwa mbweha, anahesabiwa mwizi. Ukweli ni kwamba chakula chake kikuu ni mchwa na wadudu wengine, na ana meno madogo madogo mengi, zaidi ya 40, ya kutafuna wadudu. Anaweza kupita mita chache kutoka kwenye utumbo wako wala asijihangaishe nao. Ila utumbo wenye sumu ukiliwa na jamaa yake anayependa nyama, watu husema "mbweha wameisha", na wote wanaingizwa kwenye kapu moja.

Kuhusu sumu sitaki kuzunguka. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwaua kwa njia hiyo. Mwezi Februari 2018, karibu na Hifadhi ya Ruaha, simba sita walikufa pamoja na tai zaidi ya 70 katika tukio moja lililohusishwa na sumu. Tai hawajawahi kuchinja mbuzi wa mtu. Kazi yao ni kusafisha mizoga, na wakiisha, mizoga inabaki kwa mbwa wetu, wale wale wanaolala kwenye baraza tunapocheza watoto.

Kumjua mnyama kwa jina kuna faida nyingine ya mfukoni. Kwa kanuni za mwaka 2011, serikali hutoa kifuta jasho kwa mali iliyoharibiwa na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa, lakini kwa wanyama wakali waliotajwa kwenye kanuni tu. Kanu na nguchiro hawamo. Anayekwenda ofisi ya kijiji na neno "mnyama" peke yake anarudi mikono mitupu, na maoni yangu ni kwamba hata anayestahili hucheleweshwa mno. Toa taarifa mapema, mzoga na nyayo vikiwa bado vinaonekana, na piga picha kwa simu yako kabla watu hawajapakanyaga.

Kamera inawaona watu pia

Jambo hili huzungumzwa kidogo sana. Kamera haijui kutofautisha joto la minde na joto la mama aliyebeba mzigo wa majani. Kwenye ukanda wa Nusu Maili, uliotengwa mwaka 1941 kwa matumizi ya wananchi na kuunganishwa na hifadhi ya taifa mwaka 2005 pamoja na msitu wote, wanawake wamekata majani ya ng'ombe na kuokota kuni kwa vizazi. Kamera ikifungwa pale kwa nia ya kumhesabu chui, itawapiga picha wao kwanza.

Nchini India tayari limetokea. Mwaka 2024 mtafiti Trishant Simlai wa Chuo Kikuu cha Cambridge alieleza hali karibu na Hifadhi ya Corbett. Wanawake walikuwa wanaogopa kuimba na hata kuzungumza msituni kwa sababu ya kamera. Picha ya mmoja wao akijisaidia ilisambazwa kwenye simu za watu wa eneo hilo, na wanakijiji wakavunja kamera kwa hasira. Mradi uliokusudiwa kulinda wanyama ukapoteza watu ambao ndio walikuwa macho yake.

Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake. Mtafiti yeyote anayekuja kutega kamera kwenye njia za kijiji anapaswa kuja na kibali, na kijiji kina haki ya kuuliza kwenye mkutano: zitafungwa wapi, nani atatazama picha, na picha za watu zitafutwa lini. Hata wewe kwenye kihamba chako, usiielekeze kwenye njia ya jirani wala bafu la nje.

Kama huna kamera, na wengi hatuna kwa sababu bei yake si ya mfuko wa mkulima mmoja, chukua majivu ya jikoni. Yachekeche, yatandaze jioni mbele ya banda, pia juu ya ukuta chini ya paa. Asubuhi kabla ya kufagia, tazama. Nyayo za mbwa, mbweha na fisi huonyesha alama za kucha. Za paka, mondo na chui kwa kawaida hazionyeshi. Zipige picha ukiweka kiberiti pembeni ili ukubwa uonekane, kisha tutumie kwa namba ile ile ya kipindi. Tutazitazama pamoja Jumamosi jioni, na tafadhali, kabla ya mtu yeyote kugusa dawa ya nyanya.