Jeni ya ukame haiuzwi dukani: maharage yetu na kelele za pande mbili

Nimepotea kidogo, mitihani ilinibana kisawasawa. Sasa nipo likizo nyumbani, Mjimwema, Songea, na leo sina stori za hosteli wala za bumu kuchelewa. Leo nina hasira kidogo, na hasira yenyewe ni ya maharage. Ndiyo, maharage. Ukiona ni jambo dogo basi hujawahi kuishi kwa ugali maharage siku tano kwa wiki.

Chanzo ni ubishi wa kijiweni. Mtaa mzima unajua nasoma kilimo, basi mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, hiyo jeni ya ukame mnatuletea lini?" Sijafungua mdomo, kijana mwingine karukia, "Jeni ndiyo GMO hiyo, hatuitaki hapa!" Na kule chuoni kuna wenzangu wanaoimba wimbo wa upande wa pili: tupewe maabara ya kisasa, tuitafute jeni, tuipachike, kwisha kazi. Nasema hivi, pande zote mbili zinatupotezea muda. Na muda huo anaulipa mama mwenye robo ekari ya maharage.

Tuanze na wale wanaosema Songea hakuna ukame, huo ni wa Dodoma na Singida. Kweli, mkoa wetu unasifika kwa mahindi, na mvua zikianza Novemba au Desemba zinakwenda mpaka Aprili. Lakini harage si mhindi. Maharage mengi huku Kusini yanapandwa mwishoni mwa mvua. Wamatengo kule Mbinga wanayapanda Machi kwenye ngoro, yale mashimo yao maarufu yanayozuia udongo usikimbie na maji. Sasa piga hesabu: ukipanda Machi, ua linatoka Aprili, punje zinajaa Mei. Mei hiyo mvua iko wapi? Mmea unamalizia maisha yake kwa unyevu uliobaki ardhini. Mvua ikikatika wiki mbili mapema, maganda yanabaki mapengo. Huo ni ukame jamani, hata kama milima bado ni kijani na Mto Ruvuma umejaa.

Sasa twende kwenye jeni zenyewe, na hapa naomba wenzangu wa maabara wanisikilize vizuri.

Harage la kawaida lina jozi 11 za kromosomu. Mwaka 2014 wanasayansi walichapisha ramani ya jenomu yake, wakahesabu jeni kama 27,000. Kuna tabia za mmea zinazotawaliwa na jeni moja tu. Kuhimili ukame haimo kwenye orodha hiyo. Zinashirikiana jeni nyingi, kila moja inachangia kidogo, na mchango wenyewe unabadilika kutegemea udongo, joto na wakati ambao ukame umepiga. Anayekwambia "tumeipata jeni ya ukame ya maharage" mwombe akuonyeshe shamba kwanza.

Na hata jeni moja yenye sifa inaweza kukugeuka. Kuna jeni inaitwa I, inazuia virusi vya batobato ya maharage. Nje ilisifiwa sana, ikawekwa kwenye mbegu nyingi. Ilipokutana na aina ya virusi iliyozoeleka Afrika Mashariki, ule ulinzi wenyewe ukawa balaa: mmea unajibu kwa ukali hadi mishipa inakufa, mizizi inakuwa myeusi, mmea mzima unakauka. Jeni ni ileile, ila mazingira tofauti. Hilo somo tungelibandika ukutani kila darasa la kilimo.

Kwani harage linahimilije ukame? Njia ni kama tatu. Ya kwanza ni kukwepa: linakomaa mapema, ukame unafika limeshamaliza kazi. Ya pili ni mizizi kuzama chini kufuata maji. Ya tatu ndiyo mimi naipenda, nayo ni kutokuwa mchoyo. Maharage mengine yakibanwa na kiu yanashikilia chakula kwenye majani na mashina kama vile yanasubiri mvua irudi. Yaliyo bora yanahamisha kila kitu kwenda kwenye punje. Jani linakauka lakini punje imejaa. Mkulima anakula punje, hali matumaini ya mmea.

Lakini ona sasa. Jeni ya mzizi mrefu haisaidii kitu kama udongo una asidi kali, maana alumini inaubana mzizi hauendi chini. Udongo wa namna hiyo upo sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini. Kwa hiyo mbegu iliyochaguliwa kwenye udongo mzuri wa kituo cha utafiti inaweza kufika hapa ikashindwa na mbegu ya bibi yako.

Kuna kitu kingine. Maharage duniani yana makundi mawili makubwa ya asili, la Amerika ya Kati na la milima ya Andes, na kila moja lilianza kulimwa na watu kwa wakati wake. Sisi Tanzania tunapenda zaidi punje kubwa, za ukoo wa Andes. Lakini sehemu kubwa ya uwezo wa kuhimili ukame ambao watafiti wameutumia imetoka upande wa pili, hasa kwenye maharage ya nyanda kavu za Mexico. Kuyachanganya makundi haya si mchezo, mara nyingine watoto wanadumaa. Ukifanikiwa, kuna vizazi sita saba vya kuchagua kabla mbegu haijatulia, halafu majaribio ya shambani msimu hadi msimu. Watafiti wa CIAT, ambao benki yao ya mbegu ipo Colombia, walikwenda mbali zaidi wakachanganya harage la kawaida na binamu yake wa jangwani, tepari. Mwaka 2015 wakatangaza aina kama 30 zinazovumilia joto. Hapo hawakupachika jeni ya bakteria. Ni kuchavusha, kuchagua, kusubiri. Kazi ya mikono na uvumilivu.

Na hapa namgeukia kijana wangu wa "hatutaki GMO". Ndugu yangu, kuogopa si kosa, lakini jua unachokiogopa. Ile iliyojaribiwa Makutupora, Dodoma, kuanzia Oktoba 2016 ilikuwa mahindi, yamewekwa jeni ya bakteria. Novemba 2018 wizara ikaamuru majaribio yasimamishwe, na Januari 2021 serikali ikatangaza kuyafuta. Mjadala huo tuwe nao siku yake. Ila ukichukua hasira za mahindi ya Makutupora ukazimwaga juu ya kila mtu anayetaja neno jeni, unampiga rafiki yako. Bibi anapochambua mbegu, anaweka pembeni zile zilizojaa vizuri mwaka wa mvua haba, anachagua jeni, hata kama hajui neno lenyewe. Harage la kawaida la GMO linalojulikana kuruhusiwa ni la Brazil, mwaka 2011, tena ni la kuzuia virusi, halihusiani na ukame. Kwa hiyo unapigana na kivuli.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma hasa. Harage linajichavusha lenyewe. Ukinunua mbegu nzuri mara moja, unaweza kuirudia msimu unaofuata na tabia zake zikabaki. Kwa mkulima hiyo ni neema. Kwa mfanyabiashara wa mbegu ni hasara, maana mteja harudi. Mahindi chotara ukirudia mbegu mavuno yanashuka, ndiyo maana maduka ya pembejeo yamejaa mahindi, ukiuliza mbegu ya maharage unaangaliwa kama umeuliza mbegu ya mwezi. Hakuna kampuni itakayolala njaa kwa ajili ya harage letu. Kazi hii ni ya umma au haifanyiki kabisa.

Na umma ukiamua unaweza, tusijidharau. Uyole pale Mbeya wametoa Uyole Njano na nyinginezo. Selian Arusha wapo, SUA wana Rojo yao. Watu tunao. Tatizo ni fedha za misimu mfululizo, maana huwezi kupima ukame kwa bajeti ya mwaka mmoja. Mradi wa mfadhili unaisha mwaka wa tatu, ukame unakuja mwaka wa nne, mtafiti hana hata mafuta ya gari.

Tatizo lingine ni dharau. Mbegu ikishatoka, mkulima ndiye wa mwisho kuulizwa. Juzi nilimuuliza mama mmoja mwenye genge hapa Mjimwema kwa nini haleti aina fulani inayozaa sana. Kanijibu, "Mwanangu, yale yanakula mkaa. Nani atanunua?" Nikanyamaza. Harage lihimili ukame wa jangwa zima, kama haliivi haraka, mchuzi wake mwepesi na rangi yake haina soko, halitapandwa. Sasa mama huyu awepo siku ya kuchagua, si siku ya kukabidhiwa fulana.

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Moja, fedha ya utafiti wa maharage itoke kwenye bajeti yetu, na iwe ya miaka kumi. Mbili, majaribio ya ukame yafanyike kwenye udongo wetu, Machi mpaka Juni, pamoja na kwenye ngoro, si kituoni peke yake. Tatu, sheria inawaruhusu wakulima kuzalisha na kuuza mbegu za daraja la kuazimiwa, wenyewe wanaziita QDS, kwa usimamizi wa TOSCI. Basi wasaidiwe kweli, hasa vikundi vya kina mama, ili mbegu nzuri ipatikane jirani. Nne, sisi wanafunzi tuache kudesa habari za jeni za Ulaya na Marekani, tukakusanye mbegu za bibi zetu kabla hazijapotea, kwa sababu humo ndimo jeni zilizoshinda miaka mibaya ya hapa zimelala.

Usipokubaliana nami, sawa, leta hoja. Lakini ukija na "jeni ni GMO" au "jeni moja itatuokoa", nitakuomba tu ujibu swali moja: mwezi wa tano, mvua ikikatika, unampa mama wa robo ekari mbegu gani?

Naomba kuwasilisha.