Kompyuta imeishia getini

CHINI YA MERU
Na Elirehema Nnko

Ukitaka kuyaona mageuzi ya kidijitali katika viwanda vya Arusha, usianzie karakanani. Anzia mwisho kabisa, pale chupa zinapoiacha mashine na kuelekea kwenye kreti. Tangu mwaka 2019, TRA ilipoanza kutumia stempu za kodi za kielektroniki kwa bia, mvinyo, pombe kali na sigara, bidhaa hizo huhesabiwa zikiwa bado kiwandani, na hesabu humfikia mkusanya kodi kabla lori halijawashwa. Mfumo ulitoka SICPA, kampuni ya Uswisi. Wenye viwanda walilalamikia gharama yake. Mlipakodi asiyelalamika bado sijakutana naye.

Mimi nalalamikia jingine. Kompyuta ilikuja kuhesabu kinachotoka, ikaishia getini. Ingia kwenye karakana za Unga Limited au kwa wakamua alizeti: daftari, kalamu ya bluu na sikio la fundi. Fundi mzoefu husikia mlio wa beringi ukibadilika, akaamuru mashine izimwe. Ni ujuzi mkubwa, lakini haukuandikwa popote, na akistaafu anaondoka nao. Kifaa kidogo cha kupima joto na mtetemo, kikiunganishwa na simu, kingehifadhi sehemu ya ujuzi huo. Adimu ni mtu wa kukifunga, kukitengeneza kikiharibika na kuelewa kinachosema.

Tunao mfano mchungu wa kuwasahau watu hao upande wa Njiro. General Tyre ilianza kutengeneza matairi mwaka 1971 kwa ubia na kampuni ya Kimarekani. Continental ya Ujerumani ilipoinunua kampuni hiyo ya Marekani mwaka 1987, ikawa ndiyo mbia wetu, yenyewe ikiwa na hisa asilimia 26 na Serikali 74. Kiwanda kikafungwa mwaka 2009. Makao makuu ya Continental yako Hannover, na ni katika maonyesho ya viwanda ya mji huohuo, mwaka 2011, Wajerumani walipotangaza Industrie 4.0, mpango wa kuunganisha mashine zao kwa mtandao. Kompyuta isingeiokoa General Tyre. Kiwanda kilikuwa na shida ya mtaji na mvutano wa wabia. Lakini tangu ifungwe, mazungumzo ya kuifufua yamekuwa ya kumtafuta mwekezaji aje na teknolojia yake, kana kwamba mkoa huu hauna anayeshika spana.

Ulaya hawakuwaachia wenye karakana ndogo wapambane peke yao. Umoja wa Ulaya unafadhili vituo vya kidijitali katika mikoa, ambako mwenye kiwanda kidogo hujaribu kifaa kabla ya kutoa euro zake kukinunua.

Sisi majengo ya vituo kama hivyo tunayo. TEMDO, taasisi ya umma ya kubuni mitambo iliyoundwa mwaka 1980, iko hapahapa na inatengeneza vitanda vya hospitali na matanuri ya kuchomea taka. Chuo cha Ufundi Arusha kilianza mwaka 1978 kwa ushirikiano na haohao Wajerumani. Tengeru, Taasisi ya Nelson Mandela inafundisha shahada ya uzamili ya mifumo ya kompyuta zinazowekwa ndani ya vifaa, yaani kazi hasa ya kuipa mashine masikio. Ila msomi wa Tengeru na mkamua alizeti wakikutana, basi ni Nane Nane, mmoja amesimama ndani ya banda, mwingine anapita na soda yake.

Napendekeza kila mwanafunzi wa shahada ile afanyie utafiti wake kwenye mashine moja inayofanya kazi, katika kiwanda kidogo cha mkoa huu. TEMDO wawe na rafu ya vifaa vya kuazimisha. Na fedha za kuanzia zipo: halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Siku kikundi cha vijana wa kufunga vifaa hivi kitakapoleta maombi, kitangulizwe mbele ya kikundi kingine cha bodaboda. Sina ubaya na bodaboda, ila Jiji tayari linazo.